Jogoo wa Boma la Fanuel

Asubuhi katika laini za nyumba za madereva wa trekta za miwa, Awendo, hazianzi tena kwa jogoo. Trekta huwashwa, masufuria hugongana, lakini kati ya kelele hizo kuna pengo ambalo zamani lilikuwa la jogoo wa Fanuel.

Alifuga jogoo miaka yote aliyovuta miwa ya watu. Si wa kuliwa. Mjaluo anayekwenda kuanzisha boma lake hutangulia na jogoo, mwana wake wa kwanza akibeba shoka, na nyumba lazima ipate paa, wenyewe walale ndani siku hiyo hiyo. Lakini mdogo hamtangulii mkubwa. Kaka yake, Joash, alikuwa amepotelea Musoma bila kujenga, basi Fanuel akangoja. Jogoo mmoja alizeeka, akatafutwa mwingine. Boaz, dereva mwenzake, alikuwa akimwambia, "Omera, ndugu yangu, huyu naye atastaafu kabla yako." Fanuel alicheka, kisha akamtupia jogoo mtama.

Joash alirudi mwaka wa tisini na saba, akajenga upesi. Wakati huo redio ilikuwa ikitangaza mvua ya El Niño, na kila dereva alijua barabara ya Magunga, kwao Fanuel, ikilowa haipitiki mpaka kiangazi. Boaz akatafuta trekta za kuazima. Msafara wa trekta tatu ukatoka alfajiri: nguzo mbele, mabati katikati, nyuma vitanda na Priscilla, mkewe Fanuel. Shoka alilishika Maurice, mwana wa kwanza. Kwa kungoja kule, alikuwa tayari na ndevu.

Miwa iliisha, wakaingia kwenye mahindi, kisha mtama na pamba. Kila walipopita boma la mtu, Fanuel aligeuza shingo kutazama mlango. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshuka hadi kugusa vilima. Mashambani watu walivuna mtama ambao haujakauka, na hakuna aliyeinua kichwa kuwatazama.

Matone ya kwanza yaliwakuta karibu na Magunga. Trela ya mabati ikazama katika udongo mweusi. Boaz alishauri walale kwa Joash, wajenge mvua ikipita. Fanuel alisimama na tenga la jogoo mkononi. Nyumba aliyoichora kichwani miaka yote ilikuwa na vyumba vitatu na veranda.

Priscilla alishuka, akavua viatu. "Baba Maurice, jenga kadogo. Nataka mlango wangu mwenyewe."

"Kadogo vipi, Nyar Karungu?" Alimwita hivyo, kwa jina la kwao, alipokuwa karibu kukubali.

"Ka kutosha kitanda na jogoo."

Wakabeba mabati vichwani, yale waliyoweza. Paa lilipigiliwa misumari mvua ikiwa tayari ndani ya nyumba.

Kila kiangazi hupita bila chumba kuongezwa, na Fanuel husimama nje jioni akitazama mahali ambapo veranda ingekuwa. Yuko Magunga. Nyumba ni ile ile ya chumba kimoja, na jogoo hulala chini ya kitanda.