Mlio Chini ya Boneti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kumiminika Mbinga, nilipunguzwa kazi ya udereva nikanunua pikapu kuukuu. Padri alikuja kijijini kwetu Matiri kuibariki. Mama akataka nitundike medali yake ya Bikira Maria kwenye kioo cha ndani. Nilimkatalia mbele ya wageni, nikasema mimi ni dereva, si mtumishi wa altareni. Akaifunga tena kwenye pindo la khanga yake. Mdomo wangu siku zote ulikuwa hauna breki.

Mwaka uliofuata mama aliugua, akakonda, hospitali wakatuambia tumuuguze nyumbani. Alikuwa na ombi moja tu: nimshushe Kihagara, ziwani kwao, akaagane na dada yake, ambaye miguu ilikuwa haimruhusu tena kupanda milima. Nikaahidi Jumamosi. Jumatano nilishinda shambani. Alhamisi nikawasha gari, nikasikia tik, tik, tik. Nikikanyaga mafuta mlio unakimbia, nikiachia unapoa. Kwa kona na miteremko ya barabara ile ya ziwani, sikuthubutu kumbeba mgonjwa.

Nilipanda basi hadi Kitai nikarudi na fundi. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasema ni tapeti, vile vyuma vya kusukuma vali, zimelegea. Akazirekebisha. Tik, tik. Akasema basi huenda ni pistoni.

"Fungua," nikamwambia.

Akafungua, na gasketi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ikachanika. Mbinga nzima haikuwepo ya kufanana nayo. Nikamwagiza kondakta wa basi la Songea, akaleta isiyoenea; nikaagiza tena. Injini ikabaki wazi uani, kando ya mikeka ya kahawa, nimeifunika turubai, na Jumamosi ikapita. Kila asubuhi mama aliuliza kupitia dirisha kama gari limepona, nami nikamjibu kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyeliharibu. Kisha nilikwenda nyuma ya banda nikalia, mtu mzima mimi.

Siku ya tisa tangu mlio uanze, aliniita. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Mwanangu, usinikasirikie," akasema. "Jumatano ile nilijikongoja nikafunga medali yangu mle ndani, karibu na betri, itushushe salama. Kaangalie, fundi asije akaipoteza."

Nilikwenda nikapapasa nyuma ya betri. Ilikuwa inaning'inia kwenye waya, imejaa grisi, upande mmoja umechubuka kwa kugonga bati. Nikaisukuma kwa kidole. Tik.

Nilirudi nikamwambia ipo. Akafumba macho, ameridhika. Kesho yake asubuhi alitutoka, na mchana basi likaleta gasketi.

Baada ya matanga nilishuka Kihagara peke yangu. Injini ilikuwa kimya njia nzima, hata kwenye ile miteremko niliyoiogopa. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni. Nilimpa shikamoo, akanishika mkono hakuuachia. Ndani niliona kitanda alichomtandikia mdogo wake kwa ajili ya Jumamosi ile, hakijaguswa.

Tulilia. Kisha akauliza, "Gari lilikuwa na shida gani, mwanangu?"

"Tapeti, mama mkubwa," nikasema.

Medali ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeileta nimpe yeye, nikarudi nayo Matiri.