Tope la Mlango wa Jirani

Mvua ya mafuriko ilipokatika, tope jekundu lililoshuka kutoka kilima cha Berea lilikuwa limefunika njia ya miguu mbele ya jengo letu pale Greyville. Mimi nilikuwa nasuka nywele katika saluni ya chini. Mlango wa pili alikuwapo fundi wa simu, mkimbizi wa Bukavu kama mimi huku kwa Wazulu, na kati ya milango yetu iko ngazi ya kupandia kwenye fleti.

Mwenye jengo alisema kusafisha ni kazi ya wapangaji. Watu wa manispaa wakaniambia ni kazi ya mwenye jengo. Siku tatu nikamngojea fundi ashike sepetu, naye akaningojea mimi.

Siku ya nne nilichoka kuona wateja wakigeuka na kurudi. Nilifika mapema, nikazoa tope langu lote na kulirundika mbele ya mlango wake, kando ya ngazi. Alipokuja, alichota kwa mikono miwili akavurumisha kwenye kioo changu. Nilimkwaruza uso, yeye akanisukuma ukutani. Wateja walitutenganisha. Akaingia kwake akajifungia, na rundo likabaki pale pale.

Saa nne asubuhi gogo, kama Wazulu wamwitavyo bibi mzee, wa ghorofa ya pili alishuka akienda kanisani. Mguu wake ulikanyaga ukingo wa rundo. Nilisikia nyonga ikigonga saruji kabla sijasikia sauti yake. Tulimfunika na taulo za saluni mpaka ambulensi ikafika.

Mchana akaja mwanawe, dereva wa lori huko Clairwood, bado amevaa fulana ya kazini. Aliuliza tope hili ni la nani. Watu walitazama rundo, wakatazama mlango ambao lilikuwa mbele yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na kitana mkononi. Sikusema kitu.

Aligonga mlango wa fundi, ulipofunguliwa akamtoa nje kwa kola na kumtupa juu ya tope. Akachukua sepetu yangu iliyoegemea ukuta, akaanza kumpiga kwa mpini. Fundi alijikinga na mkono, na mkono ule ukavunjika, tukausikia wote. Alijaribu kueleza kwa Kiingereza, pigo likamkatiza maneno. Ndipo akanitafuta kwa macho, akasema kwa Kiswahili chetu, ambacho pale mimi peke yangu nilikielewa:

"Dada, mwambie."

Hata hapo nilichelewa. Mpini ulishuka tena, na tena, kabla sijasema kwa Kizulu changu kibovu kwamba tope ni langu, mimi ndiye niliyeliweka.

Yule mwana aligeuka. Nilidhani ananijia. Akairusha sepetu, ikapasua kioo cha saluni, na kipande kikanichana juu ya jicho. Kisha akakaa kwenye ngazi, na hakuna aliyemkaribia.

Fundi hakwenda polisi. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimepitwa na muda, na alijua kwamba kule wangeanza na yeye. Wiki mbili baadaye nilimfuata kwa dada yake, uso wangu ukiwa na nyuzi za kushonwa, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza alipigwa mara ngapi kabla sijafungua mdomo.

Nilimwambia sikuhesabu.

"Mimi nilihesabu," akasema. "Saba."

Dada yake, aliyekuwa akikatakata sombe, majani ya muhogo, aliacha kisu akaja kunifungulia mlango nitoke.

Gogo alirudi baada ya miezi kadhaa, akitembea kwa fimbo, na mwanawe alimhamishia fleti ya chini ya jengo la jirani. Fundi hakurudi tena mtaani kwetu. Chumba chake sasa kinauza mitumba. Tope lenyewe lilikuja kuzolewa na manispaa siku mbili baada ya kipigo kile. Vijana watatu walilipakia kwenye lori, na haikuchukua hata nusu saa.