JUMLA na JUMRA

Nilipomaliza kidato cha nne Mbeya niliajiriwa ofisi moja ya misitu Iringa, karani wa vipimo vya misonobari. Miti ilikuwa inapimwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi walichosema kitajengwa Mgololo. Hesabu zenyewe zilifanywa na kompyuta iliyokuwa Dar es Salaam, ambayo hatukuwahi kuiona. Sisi tulikuwa na karatasi zenye vyumba vidogo vidogo. Unaandika maelekezo, kila herufi chumba chake, zinapanda basi Ijumaa, na baada ya wiki tatu jibu linarudi limepigwa chapa.

Alikuja mwalimu kutoka huko akatufundisha wiki mbili, mimi na karani mwenzangu, Mhehe aliyenizidi kama miaka kumi. Alisema kompyuta inasikia lugha nyingi, ila sisi zitatutosha mbili, COBOL na FORTRAN. Akatuachia zoezi: tujumlishe vipimo vya shamba moja. Wa kwanza kupata jibu sahihi angekwenda Dar kusoma mwaka mzima. Nafasi moja tu.

Niliitaka mno. Nilishamwandikia mama, kwetu Mbalizi, kwamba naondoka.

Nilichagua FORTRAN kwa sababu ni fupi, na mimi kungoja siwezi. Mwenzangu akachukua COBOL. Hiyo kabla hujafanya lolote lazima ujitambulishe, programu inaitwa nani, na kila jina utakalolitumia huko chini ulitaje kwanza na ukubwa wake. Mimi nimemaliza karatasi moja, yeye yuko ya tatu na bado anatambulisha.

"Kaka, hiyo inajumlisha miti au imekwenda kuposa?"

"Mgeni akiingia hasemi yeye nani, kwenu Unyakyusa mnampa chakula?"

"Tunampa. Tena ndizi."

"Haya. Ngoja."

Majibu yetu yalirudi pamoja. Lake lilijaa mistari ya kukataliwa. Langu lilikuwa na mstari mmoja chini: makosa hakuna. Nilizunguka nalo meza zote. Mkuu wa ofisi, ambaye kompyuta aliijua kwa jina tu, aliusoma mstari ule akasema, "Binti, funga mizigo," akaingia ofisini kwake kuandika barua ya kunipeleka Dar.

Mwenzangu alikuwa bado ameinamia karatasi yangu.

"Mdogo wangu, mbona jumla ni sifuri?"

"Wapi?"

"Hapa. Milima yote ile tuliyopanda. Labda tulipima ukungu."

Tukasoma herufi moja moja. Juu nimeandika JUMLA, katikati JUMRA, mwisho tena JUMLA. Kinyakyusa hakina r, na mwalimu wangu wa Kiswahili alinichapa miaka minne kwa sababu hiyo, basi kwa woga huwa naiweka hata pasipotakiwa. FORTRAN haikuuliza. Ilipomkuta JUMRA ilidhani ni mtu mwingine, ikampa kiti, ikamjazia vipimo vyote. JUMLA alibaki na sifuri yake, na ndiye niliyeomba achapwe.

Tukageukia ya kwake. Kosa la kwanza kabisa: JUMRA hajulikani. Wahehe nao wana shida ile ile. Ila yeye alizuiwa mlangoni, akaambiwa na jina la aliyemponza. Alicheka, akaanza kufuta R na kuweka L. Barua yangu ilikuwa bado inaandikwa.

Ningeweza kunyamaza. Nilikaa mpaka chai ya saa nne ikapoa, halafu nikaingia kwa mkuu.

"Mzee, usiiandike. Jibu langu si sahihi."

"Mashine si imekubali?"

"Inakubali tu, mzee. Haijui kama nimekosea."

Akaweka kalamu chini, akaniangalia kama mtu aliyemharibia asubuhi.

Programu ya mwenzangu iliwahi basi la Ijumaa ile. Mimi sikuliwahi. Safari hii niliogopa, nikachukua karatasi ya pembeni nikaandika kila jina, halafu nikapitia programu nikiyatafuta moja moja, kama vile naandika COBOL. Nilitumia siku mbili. Ilipoondoka ya kwangu ilikuwa wiki iliyofuata.

Lake lilirudi kwanza, na lilikuwa sahihi. Siku ya kwenda Dar, pale stendi, mguu mmoja uko ndani ya basi, akaniita, "Jumra! Baki salama." Siku chache baadaye likaja langu, na namba ile ile kama yake. Nilimwonyesha mkuu, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi zake.

Nilipopata likizo nilikwenda Mbalizi kumweleza mama kwa nini bado niko Iringa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jumla, jumra," akasema, "si kitu kile kile?"

"Kwetu ndiyo, mama."

Akaniwekea ndizi.