Kidonda cha Mama Kilichokataa Kigaga

Apa kwanza hutamwambia mtu. Mimi nimeshawaambia nusu ya mtaa wetu wa Nkuhungu, lakini wewe apa.

Nilipokuwa mtoto, mama na wanawake wenzake walimenya karanga kwenye ghala la tajiri mmoja pale Majengo, wakilipwa kwa debe. Tajiri akaligonga lile debe kwa ndani mpaka kitako kikavimba kama shavu la mwenye jino bovu, likawa linameza zaidi kwa malipo yaleyale. Wakagoma. Walilamba chumvi moja kiganjani mwa bibi yangu, wakaapa hakuna atakayemenya hata punje mpaka debe libadilishwe.

Bibi aliniambia kwamba aliyelamba chumvi akawageuka wenzake, kidonda chake hakishiki kigaga. Hubaki wazi, huoza, humla taratibu mpaka moyoni. Dawa ni moja tu: wenzake wajue.

Nami nilikuwa nimekiona kidole gumba cha mama. Kilichanika kabla ya mgomo. Kila asubuhi kilikuwa kimeshika kigaga. Kila mchana, akirudi kutoka kisimani, kilikuwa kibichi, kinavuja. Nikimuuliza, anakificha kwenye khanga. Chakula kilinishinda. Akilala nilimnusa mkono, nikitafuta harufu ya kuoza.

Siku ya tano nilimfuata. Hakwenda kisimani, aliingia ghalani kwa mlango wa nyuma. Nilikimbia kwa bibi, nikamkuta uani na wagomaji wengine wote.

"Bibi, mama anaoza," nikasema, nikaonyesha ghala.

Uzee umenifundisha kwamba ni maganda ya karanga yaliyokuwa yakikibandua kile kigaga, na kwamba nyumbani unga ulikwisha siku ya pili ya mgomo. Uji nilioukataa, mama aliutafuta humo ghalani. Lakini nisikudanganye: chumvi ya watu mpaka leo siilambi ovyo.

Mama Chiku, shoga yake mama, ndiye aliyesukuma mlango wa ghala tulipofika. Mama alikuwa chini, ungo mapajani, damu ya gumba ikidondokea karanga.

"Kumbe kisima chenyewe ndicho hiki, shoga," Mama Chiku akasema.

Mama alikuwa ananitazama mimi. Nilipenya katikati ya wale wanawake, nikamshika ule mkono, nikamgeukia bibi.

"Wameshajua wote. Sasa kitafunga?"

Bibi akatazama chini, kwenye kiganja chake walicholambia chumvi.