Supu ya Seli Niliyokataa Kuipika

Siku yangu ya kwanza katika maabara moja ya Tororo, Uganda, Mkuu wa Maabara alinikabidhi kichupa chenye unga kidogo, usiotosha hata kukoleza chai. "Hiki ndicho kipimajoto chako," akasema. "Ukipotea unga huu, nawe upotee."

Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Busia ya Kenya na shahada mbili, kiburi kikiwa ya tatu.

Unga ule ulikuwa polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli uliofungwa rangi. Tuliuingiza ndani ya seli hai. Seli ikipata joto, mnyororo hujikunja na kusukuma maji nje, rangi ikang'aa zaidi chini ya hadubini. Lakini mng'ao si digrii. Kwanza sharti uipashe polima moto polepole, ukiandika mng'ao wa kila hatua, upate ulinganisho. Tena uifanye kazi hiyo ndani ya supu ya seli zilizopondwa, kwa kuwa chumvi na protini nazo huubadilisha mng'ao.

Supu ilikula siku nzima. Ijumaa moja nikatumia maji safi, niwahi kuvuka mpaka kabla foleni ya malori haijaziba barabara.

"Mwalimu, maji si seli," alisema Apio, fundi wetu, mwenyeji wa Tororo. "Kule ndani iko chumvi."

"Supu kapike nyumbani, Apio. Hapa tunafanya sayansi."

Seli zetu zikatoka na joto la ajabu. Mkuu akawatangazia watafiti wageni. Wageni wakarudia kipimo kwa supu, na lile joto likatoweka.

"Nani aliandaa ulinganisho?" Mkuu akatuuliza sote.

Nilitazama viatu vyangu. "Apio alikuwa mezani."

Kweli alikuwepo mezani, akinionya. Mkataba wake haukurefushwa. Wangu ulirefushwa hadi nilipostaafu mapema, mwaka jana, kwa keki na hotuba. Siku hizi vijana hunialika niwasimulie kazi ile. Huwaeleza polima vizuri sana. Apio simtaji.

Majuzi homa ilinishika nikiwa mjini Lumino. Kwenye zahanati, aliyenitia kipimajoto kwapani alikuwa Apio. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo, nimeyapanga kwa miaka. Nikafungua kinywa.

"Nyamaza kwanza, Mwalimu," akasema. "Ukiongea mkono inalegea, kipimo inadanganya."

Nikanyamaza. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyobobea.