Nilichoma Cheti cha Kanti

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Hata mke wangu sijamwambia, lakini wewe unayenisoma nakuambia.

Mwaka ule Wahindi walipoamriwa kuondoka Uganda, mimi na rafiki yangu Kanti tulikuwa warusha mpira wa timu ya kriketi ya Arua. Yeye alizaliwa hapahapa Arua, nyuma ya duka la baba yake. Mimi nilizaliwa Yei, Sudan, mama akanileta Koboko mgongoni. Kanti peke yake ndiye aliyejua.

Timu ya taifa ilitaka mrusha mpira mmoja kutoka kwetu. Wakamchagua Kanti. Mimi nikawekwa akiba.

Wahindi waliozaliwa nchini waliambiwa wapeleke vyeti Kampala, la sivyo wangehesabiwa wageni. Mama yake Kanti alikuwa hoi kitandani, na Kanti hakuweza kumwacha. Akanipa cheti chake cha kuzaliwa nimpelekee mjomba wake, aliyekuwa kwenye foleni kule siku ya tatu.

"Keshokutwa wanafunga," alisema. "Ndugu yangu, nakutegemea."

Kwenye daraja la Pakwach askari walitushusha basini.

"Wewe iko mutu ya wapi?"

"Koboko, afande."

"Nazaliwa Koboko?"

"Ndiyo, afande."

Akacheka, maana Koboko ni kwao rais, akanipiga begani nipande. Hakunipekua.

Kampala nilimwambia mjomba kwamba askari walikichukua cheti darajani. Mzee akanitazama, kisha akaketi chini palepale kwenye foleni. Cheti kilikuwa ndani ya soksi yangu. Jioni ile nikakichoma.

Kanti hakunilaumu. Alikuja kuniaga, akasema, "Nafasi ni yako sasa. Cheza vizuri." Akampakia mama yake kwenye teksi, wakashika njia ya Entebbe.

Nilichezea Uganda mechi mbili.

Kisha ikaja barua ya mjomba kutoka Uingereza. Teksi ile haikufika. Aliniomba niulize, maana nina jamaa jeshini. Nikaenda kambini kwa binamu yangu. Nilipotaja jina tu, akafunga mlango.

"Hiyo jina usitaje tena," alisema kwa sauti ya chini. "Rudi nyumbani."

Nikarudi. Kriketi nikaiacha.

Barua za mjomba bado zinakuja. Ananiita mwanangu, ananishukuru akiamini sijachoka kumtafuta Kanti. Sijajibu hata moja.

Ndugu yangu, ukitamani nafasi ya mwenzako, usikubali kushika karatasi zake. Hujui unamfungia mlango gani. Mimi nilitaka tu asicheze.