Kamera ya Kuvuta Mbali

Jenifer, mpiga picha za harusi wa Msasani, alikuwa amechoka kufukuzwa na mchungaji kila anaposogea madhabahuni. Akaenda dukani kwa Saad kutafuta kamera inayovuta mbali.

"Hii nyekundu itakupendeza, dada," Saad akasema.

"Sijaja kununua gauni! Nataka nikisimama mlangoni nione pete kidoleni."

Zikajaribiwa kamera zote, Saad akinung'unika, mpaka ikapatikana moja.

Jumamosi Jenifer alipiga picha ibada nzima ya harusi akiwa mlangoni. Hata machozi ya bibi harusi yalionekana. Shangazi wa bibi harusi alizitazama picha zote, kisha akamrudishia.

"Nzuri sana, mwanangu. Lakini wewe hukusogea hata mara moja, tulikuona. Sasa tuletee ulizopiga wewe."